Sehemu nyeti za mwili: zipi zinamwangusha mtu anayepigana kweli?

Kila kijana anayejiunga na klabu yetu hapa Lubumbashi, baada ya majuma machache ya kujifunza kuanguka na kushika kimono (vazi la mazoezi), huja na swali lile lile: «Maître (mwalimu), ni lini tutafundishwa zile sehemu za mwili ambazo ukimgonga mtu kidogo tu anaanguka?» Ameziona kwenye simu, na mara nyingi anajua hata majina yake ya Kijapani kabla hajajua kusimama vizuri. Jibu langu halimfurahishi. Sehemu hizo zipo, lakini ni chache, mabondia wanazijua tangu zamani, na hakuna siri yoyote ndani yake. Zile nyingine zinazotangazwa kuwa siri hazimsaidii mtu anapokabiliwa na mpinzani asiyesimama tuli.

Nianze na zile ambazo hazina ubishi. Tarehe 17 Machi 1897, huko Carson City nchini Marekani, Bob Fitzsimmons alimnyang'anya James Corbett ubingwa wa dunia wa uzito wa juu kwa ngumi ya mkono wa kushoto iliyomwingia kwenye chembe ya moyo katika raundi ya 14. Corbett hakupoteza fahamu. Alikuwa macho, aliona na kusikia kila kitu, ila pumzi ilikuwa imemkata na mwili ulikataa kusimama kabla ya hesabu kwisha. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwezi Septemba 2004 huko Las Vegas, Bernard Hopkins alimaliza pambano lake na Oscar De La Hoya katika raundi ya 9 kwa ngumi moja ya ini.

Anayetaka kuelewa jambo hili na alitazame ini kwa makini. Liko upande wa kulia, sehemu kubwa ikiwa imefichwa chini ya mbavu za mwisho, na ngumi inayopanda kutoka chini hulitikisa pamoja na neva zinazolizunguka. Mara nyingi aliyepigwa hubaki amesimama kwa kitambo kifupi, kana kwamba hakuna kilichotokea, hata mpigaji mwenyewe akadhani amekosa. Kisha goti moja linakunjika, mkono wa kulia unashuka kubana ubavu, na mtu anajikunja chini bila hiari yake. Mwenye roho ngumu kuliko wote klabuni huanguka vilevile kama mwoga, kwa sababu jambo hili halisubiri ruhusa ya moyo. Nimeliona kwetu kwa vijana wenye glovu nene, na kila mara aliyeanguka huonekana kushangaa kuliko kuumia.

Hata hivyo, kujua ini lilipo si sawa na kulifikia. Sisi Wakongo tunao mfano wetu wenyewe, lile pambano la Kinshasa la tarehe 30 Oktoba 1974, ambapo George Foreman, mpigaji mzito kuliko wote wa wakati wake, alimbana Muhammad Ali kwenye kamba raundi baada ya raundi na kumtwanga mwilini kwa nguvu zake zote. Sehemu ya kulenga aliijua, nguvu alikuwa nazo, na muda alikuwa nao. Ila Ali alikuwa amebana viwiko na mikono ikazipokea nyingi ya ngumi hizo, hadi Foreman akachoka mwenyewe na kuangushwa katika raundi ya 8. Kama shabaha kubwa kiasi hicho inaweza kufungwa kwa viwiko viwili mbele ya bingwa wa dunia, basi shabaha yenye upana wa ncha ya kidole haina haja hata ya kufungwa, kwa maana inatosha mtu ageuze bega.

Hapo ndipo lilipo swali ninalowauliza wanafunzi kuhusu kila pigo: likienda kando kwa vidole viwili, linabaki na faida gani? Ngumi ya ini ikikosa kidogo inapiga mbavu, na mbavu zinauma. Ngumi ya kidevu ikikosa inapata taya au shavu, na kichwa bado kinazunguka kwa ghafla, jambo ambalo ndilo linalozima ubongo. Teke linalolenga upande wa nje wa mguu chini kidogo ya goti, pale neva inapopita juu ya mfupa mwembamba ikiwa karibu kabisa na ngozi, likikosa linakula misuli ya shavu la mguu. Teke hilo lilimharibia mguu mpiganaji Conor McGregor mwezi Januari 2021, kabla mpinzani wake Dustin Poirier hajammaliza kwa ngumi. Sasa chukua kile kidole kinachoelekezwa kwenye shimo dogo lililo nyuma ya ndewe ya sikio: kikikosa, kinakutana na fuvu, na mfupa wa mkono ndio unaovunjika.

Tiba ya sindano ya Kichina inahesabu vituo 361 mwilini, na wapo walimu waliovichukua kutoka chumba cha tabibu na kuvipeleka kwenye tatami, yaani mkeka wa mazoezi, wakiongeza masharti ya kuvigonga kwa mpangilio fulani. Anayejulikana zaidi ni Mmarekani George Dillman, ambaye alifika hadi kudai kwamba mtu anaweza kuzimishwa bila kuguswa. Mambo yalipojaribiwa mbele ya kamera za televisheni kwa mtu ambaye hakuwa mwanafunzi wao, yakagoma, na maelezo yaliyotolewa yalihusu jinsi mtu yule alivyoweka ulimi wake na vidole vya miguu. Huko Japani, Yanagi Ryuken, ambaye wanafunzi wake walikuwa wakipepesuka kila aliponyoosha mkono, alikubali mwaka 2006 kupambana na mpiganaji asiye mwanafunzi wake; alipigwa usoni akatokwa damu, na pambano likaishia hapo. Kwetu anayependa maonyesho ya namna hiyo hana haja ya kusafiri, kwa sababu wacheza katchi wetu (mieleka ya maonyesho) wanaorusha dawa na kumfanya mwenzao agaagae jukwaani wanafanya vizuri zaidi, tena kwa ngoma.

Si kwamba wote wanadanganya kwa makusudi. Mwalimu mmoja mgeni aliwahi kutuonyesha ufundi huu katika ukumbi wetu, na kijana aliyeitwa mbele alilegea kweli baada ya kugongwa mkono kisha ubavu wa shingo. Nilikaa karibu nikaangalia miguu. Kijana alikuwa amesimama visigino vikiwa pamoja, mkono mmoja umenyooshwa na kushikwa, pumzi ameibana, na macho yako kwa mwalimu akisubiri. Pigo la shingo lina sababu yake ya kimwili: pale mshipa mkubwa wa damu unapogawanyika kuna sehemu inayopima msukumo wa damu, na ikishtuliwa inaweza kuushusha ghafla hadi mtu akaona kizunguzungu. Lakini msimamo ule haupo popote kwenye ugomvi. Bondia wetu mmoja alipoomba kwa adabu ajaribiwe akiwa anatembea na mikono iko juu, muda wa maonyesho ulikuwa umekwisha.

Wapo pia wanaotegemea maumivu, wakisema kwamba pigo la kinena linamaliza kila kitu. Katika UFC ya 4, mashindano ya Marekani ya kupigana kwa mitindo mchanganyiko, mwezi Desemba 1994, kanuni ziliruhusu hilo, na Keith Hackney alimtwanga Joe Son sehemu hizo ngumi nyingi mfululizo huku Son akiendelea kumbana shingo; alikubali kushindwa baadaye, Hackney alipomkandamiza kooni. Mtu aliyejaa hasira, woga au pombe huyasikia maumivu kesho yake asubuhi.

Kuhusu lile pigo la kifuani linalosemekana kuua, ukweli wake wa kitabibu unaujua kila daktari wa michezo: kishindo juu ya moyo kinaweza kuuvuruga hadi ukasimama, ila lazima kiangukie ndani ya milisekunde kama 20 za kila pigo la moyo. Hiyo ni ajali, na huwapata hasa watoto wanaogongwa na mpira. Hakuna binadamu anayeweza kuilenga.

Shingo ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa kuwa ndiyo inayopendwa zaidi kwenye maonyesho. Kugongwa au kuzungushwa shingo kwa ghafla kunaweza kuchana ukuta wa ndani wa mshipa wa damu, na damu inayoganda pale ikapanda kwenye ubongo na kumpoozesha mtu, hata kijana asiye na ugonjwa wowote. Kabari ya judo inabana mishipa hiyo hiyo na kumzimisha mtu kwa sekunde kama 10, lakini inaweza kufanyiwa mazoezi dhidi ya mpinzani anayepinga kwa nguvu zake zote, na anayebanwa akigonga tatami mara mbili inaachiwa papo hapo. Ndiyo maana katika klabu yetu mapigo ya shingo hayafundishwi wala kuonyeshwa, hata na mgeni, na kabari yenyewe inaanza tu baada ya mwanafunzi kuzoea kugonga mapema bila kuona aibu.