Nyuzi 95 zilivyonitoa jasho

Karibu mwezi mzima nilipigana na prosesa isiyokuwa na ugonjwa wowote. Ni Ryzen 9 7950X ya kompyuta yangu ya mezani, yenye kore 16, yaani vitengo 16 vya kufanya hesabu. Siku ya kwanza nilipoipa kazi ya kurenda, yaani kugeuza modeli ya 3D kuwa picha, kwenye programu ya Blender, ilipanda hadi nyuzijoto 95 za Selsiasi ndani ya sekunde chache, ikaganda hapo. Feni zilivuma hadi wa chumba cha pili wakauliza nani anafyonza vumbi usiku. Kila niliyemwomba ushauri alikuwa na jibu lile lile: "Kaka, tupa hicho kifeni, weka kipozeo cha maji." Mmoja akaapa kabisa kwamba nitashuka hadi sabini na kitu.

Nikatoa pesa. Kiasi sikitaji, ila ingetosha kuongeza memori na chenji ikabaki. Radieta ya milimita 360, feni tatu, jioni nzima nimeinama ndani ya kesi nikisaka skrubu iliyodondoka nyuma ya pawasaplai. Nikawasha, nikarenda, nikakodoa macho. 93. 95. 95. 95.

Nikafumua kila kitu nikidhani nimepaka vibaya pesti inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye kipozeo. Ilikuwa imetandaa hadi kwenye kona. Nikapaka upya. 95.

Kumbe hakuna aliyesoma maelezo ya prosesa yenyewe, mimi nikiwemo. AMD, watengenezaji wake, walipoitoa mwaka 2022 waliipangia hivyo makusudi: kazi ikiwa nzito, inaongeza spidi mpaka igonge nyuzi 95 au wati 230. Hiyo wati 170 iliyoandikwa kwenye sifa zake si kikomo. Ukiipoza zaidi haitulii, inakula nafasi uliyoipa. Na joto lenyewe linazaliwa kwenye vipande viwili vya silikoni, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, halafu juu yake kuna kifuniko kinene cha chuma. Ungeweka hata bwawa hapo juu, joto bado lingekawia kutoka. Faida niliyopata kwa kipozeo kipya ni spidi ya megahezi mia na ushei.

Ndipo nikasema basi, badala ya kulifukuza joto nisilizalishe. Hapo napo nikaanza na ujuaji. Kuna mpangilio unaitwa Curve Optimizer, unapunguza volti ambazo kore inapewa kwa kila spidi; namba ikizidi kuwa hasi, volti zinazidi kupungua. Nikaambiwa, "Weka hasi 30 kore zote, wote tunaweka hivyo." Nikaweka. Nikaitesa kwa mzigo mzito usiku kucha, asubuhi nikaikuta hai, nikajipigia makofi. Mchana wake nimefungua waraka mmoja tu, hata kuandika sijaanza, skrini ikawa nyeusi na mashine ikajiwasha upya. Kesho yake ikarudia nikiwa nimeenda kunawa mikono. Siku nne nikashuku memori, pawasaplai, nyaya, hadi soketi ya ukutani.

Tatizo lilikuwa kwenye wepesi wa kazi. Mzigo mzito unazibana kore zote zikimbie kwenye gigahezi 5 hivi. Kazi nyepesi inaiachia kore moja iruke hadi 5.7, na huko juu ndiko inakodai volti nyingi. Mimi nilikuwa nimeinyima pale pale. Kore zinazoumia zaidi ni zile bora ambazo Ryzen Master, programu ya AMD ya kusimamia prosesa, inazitia alama, maana hizo kiwanda kimeshazikamua. Za kwangu nikazirudisha hasi 8, nyingine hasi 20, nikazijaribu moja moja kwa zamu. Haijazima tena.

Dawa yenyewe ya joto ikawa mstari mmoja wa bayosi, ile menyu ya mipangilio kabla kompyuta haijawaka: Eco Mode, inayoshusha kikomo cha umeme wa prosesa. Nikachagua wati 105, ambayo kihalisi inaruhusu wati 142. Nikachomeka mita ya umeme kwenye soketi, ipime kompyuta nzima. Kazi iliyokuwa ikichukua dakika 40 huku mita ikisoma wati 345 sasa ikachukua dakika 42 kwa wati 240. Dakika mbili! Umeme hupanda kwa mraba wa volti, na zile megahezi za mwisho ndizo zenye ulafi. Chaguo la 65, yaani wati 88 halisi, lilichukua dakika 49 kwa wati 175; hilo naliwasha nikirenda usiku, nani anasubiri?

Usitegemee nafuu mashine ikikaa bure, lakini. Kwa yangu mita husoma wati 80 hivi, na Eco Mode haikugusa hata wati moja, kwa sababu ndani ya prosesa kuna kipande cha tatu cha silikoni kinachoshughulikia memori na vifaa, nacho hakilali. Nimejifunza kuilaza kompyuta nzima nikiondoka.

Juzi yule aliyeapa alipita, akaona nyuzi 76 kwenye skrini katikati ya kurenda. "Si nilikwambia? Maji ni maji!" Nikamkubalia. Kesi ilikuwa imefungwa, na ndani yake nilisharudisha kifeni cha zamani.