Kaunta ya jikoni: nimechagua graniti ya kijivu

Leo tumekubaliana: kaunta itakuwa ya graniti ya kijivu, ile yenye madoadoa meusi na meupe. Mume wangu aliipenda nyeusi tii, na kweli inapendeza. Lakini juu ya nyeusi unga wa ugali unaonekana, alama za vidole zinaonekana, hata maji yakikauka yanaacha weupe. Mama aliitazama kwa muda pale dukani, kisha akaniuliza, "Mwanangu, nani atakuwa anaifuta kutwa nzima?"

Hapa Mwanza tumejenga juu ya graniti na katikati yake; mawe ya vilima hivi yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hata hivyo, slabu nilizooneshwa madukani nyingi zimetoka India na China. Inaniuma kidogo.

Niliomba vipande vya sampuli, nikavidondoshea mafuta ya kupikia, binzari na maji ya ndimu, nikaviacha hadi asubuhi. Kimoja, ambacho muuzaji aliapa kuwa ni graniti, kilifubaa pale ndimu ilipokaa. Hiyo ni marumaru: asili yake ni chokaa, na ukali wa ndimu huila chokaa. Graniti imeshikana kwa madini magumu zaidi, ndimu haiigusi. Cha kijivu kilibaki na kivuli cha mafuta tu, kwa hiyo tutaipaka dawa ya kuziba vitundu, na kuirudia siku tutakapoona maji yanazama badala ya kutuama juu.

Unene ni sentimita 2. Hapo tayari ni kama kilo 54 kwa mita moja ya mraba. Ya sentimita 3 inapita kilo 80, na kabati zetu za chini sizipi mzigo huo.

Lakini kilichoamua nani nimpe kazi si rangi wala bei. Kwenye karakana moja nilimkuta kijana anakata slabu kavu kwa grenda, mweupe kuanzia kope hadi viatu, kajifunga kitambaa puani. Vumbi lile lina silika, madini yaliyomo ndani ya graniti, na ikijikusanya mapafuni huleta silikosi, ugonjwa usio na tiba. Australia imepiga marufuku mawe ya kutengenezwa kiwandani, yenye silika nyingi kuliko hata graniti, tangu Julai 1, 2024, kwa sababu ya mafundi waliougua. Kitambaa hakizuii vumbi jembamba namna ile. Niliondoka pale nikiwa na huzuni, nikatafuta fundi anayekata kwa msumeno wa maji. Bei yake iko juu, nami nimeikubali kwa moyo mmoja.

Jumamosi anakuja kupima. Nimeshamwomba tundu la sinki na la bomba yakatwe hukohuko karakanani, kwa maji. Hapa nyumbani vijana wake waje kupachika tu.