Nyie mmekuja maji mafu

Kuna jambo limenikaa rohoni tangu masika ya mwaka juzi na nimeona bora niliandike mana nikilisema kwa mdomo watu wananambia nimeshalisema.

Kabla pesa ya msaada haijatoka mradi unachekechwa kwanza. Watu wengi hawaijui hatua hii. Anakuja mtu na fomu, anauliza maswali, anatiki viboksi, alafu mradi unatiwa kwenye fungu lake. Benki ya Dunia kwa miaka mingi walikuwa na fungu A, B na C, A ndio ile miradi mizito kama mabwawa ambayo lazima ifanyiwe tathmini kamili ya mazingira, C ni ile wanayoona haina neno, na tangu Oktoba 2018 wakabadilisha wakaweka ngazi nne kutoka hatari kubwa mpaka hatari ndogo. Wafadhili wengine wana mafungu yao lakini kazi ni ile ile. Na mradi ukishatiwa fungu la chini basi yamekwisha, hakuna mtaalamu atakaekuja tena na hakuna utafiti, ujenzi unaanza. Kwahiyo lile boksi dogo analotiki mtu jioni amechoka na gari inamsubiri ndilo linaloamua kila kitu.

Mie nilikuwa pale boksi lilipotikiwa. Nilichukuliwa siku tatu kuwa mkalimani wa konsaltanti mmoja, mtu mzuri tu na mpole, alietumwa kuchekecha mradi wa vyoo vya skuli kwenye shehia moja upande wa Micheweni. Wanaoijua Pemba wanajua kule mashariki ni maweni matupu, jiwe la matumbawe, ukichimba futi moja umeshagonga jiwe na lile jiwe limejaa nyufa na matundu kama sifongo. Maji yao ya zamani yako kwenye pango, unashuka ngazi za mawe na ndoo yako. Bomba lipo lakini linatoka siku likitaka.

Fomu ikauliza, jee kuna chanzo cha maji ndani ya mita 30 kutoka mradi ulipo? Tukatandaza futi kamba kutoka pale vyoo vitakapojengwa mpaka mdomo wa pango tukapata mita 43. Hapana. Tiki. Hiyo mita 30 haikutungwa na yeye, ndio kipimo kinachotumika pahala pengi duniani kati ya choo cha shimo na maji ya ardhini, pamoja na kile cha kwamba chini ya shimo ibaki angalau mita moja na nusu kabla ya kufika maji. Kwenye udongo kipimo kinafanya kazi kwa sababu uchafu unachujwa ukipita polepole. Kwenye jiwe lenye nyufa hauchujwi chochote, unakwenda moja kwa moja, na hata vitabu vyenyewe vinavyotoa hiyo mita 30 vinasema kwenye mawe ya namna hii isifuatwe hivi hivi. Fomu haikuwa na swali la jiwe.

Palikuwa na bibi mmoja anapanda ngazi na ndoo yake kichwani. Akatuamkia, tukamuitikia, akasimama kutuangalia na ile kamba yetu, alafu akasema, "Wanangu, nyie mmekuja maji mafu. Njooni bamvua mulione pango hili, linapumua na bahari."

Konsaltanti akaniuliza kasema nini. Na mie, Mungu anisamehe, nikamwambia anasema maji yanapanda na kushuka. Basi. Akaandika "maji hubadilika kwa msimu" tukaondoka. Alichosema bibi ni kwamba pango limeungana na bahari chini kwa chini, na kwamba siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya pango yanapanda juu sana, kwahiyo ile mita na nusu chini ya shimo tuliyoipima siku ile ya maji mafu, yaani bahari inapopanda na kushuka kidogo tu, tena wakati wa kiangazi, wiki ya pili yake haipo. Maarifa yote ambayo fomu ilikuwa inayatafuta yalikuwa kwenye sentensi mbili za yule bibi na mie nikayafupisha.

Mradi ukatiwa fungu la chini kabisa. Vyoo vikajengwa matundu manane, vizuri, vina milango, vina pahala pa kunawia, na wasichana wa pale walikuwa wanavihitaji kweli kweli, sitaki mtu anielewe vibaya kwamba nasema visingejengwa. Masika yakaja na bamvua la mwezi mpevu likaangukia ndani ya wiki ya mvua. Maji ya pango yakabadilika harufu. Watoto wakaanza kuharisha, sheha akaita watu wa afya wakaja na chupa zao wakachukua maji, jibu likarudi msinywe. Sisi ambao tumeiona kipindupindu ya 2015 na 2016 hapa visiwani hatuhitaji kuelezwa zaidi. Mpaka leo wanawake wa pale wanakwenda pango jengine, mbali, kutwa mara mbili.

Na dawa yake ilikuwepo. Choo cha kuinuliwa juu chenye karo la zege lililozibwa chini na pembeni, lisilovuja, linalonyonywa likijaa. Ni ghali zaidi, saruji nyingi, na lazima ijulikane gari ya kunyonya itatoka wapi na nani atailipa. Lakini bajeti hiyo inaombwa mwanzoni wakati wa kuchekecha, ukishatiwa fungu la chini hakuna mahali pa kuiombea tena. (Na mchanga wa ujenzi ule, nimeuliza baadae, ulichimbwa shehia ya jirani na shimo limebaki linakaa maji, hilo nalo fomu haikuuliza.)

Baadae nikaanza kusoma hizi fomu zilitoka wapi. Mwaka 1975 kule Marekani makundi ya watetezi wa mazingira walilishtaki shirika la misaada la nchi yao, USAID, kwa sababu ya kugharamia madawa ya wadudu nchi za watu bila kuangalia yatafanya nini huko yaendako, ndipo 1976 likatoa kanuni zake. Mwaka huo huo Pakistani wapiga dawa ya malaria kama 2,800 walidhurika na dawa ya kuulia mbu iitwayo malathion na watano wakafa, kwa kuwa dawa ilipokaa ghalani iligeuka ikazidi sumu. Nikiwaza habari ile nawaona vijana wetu wa Zanzibar waliobeba pampu mgongoni kupuliza dawa ya mbu nyumba kwa nyumba tangu 2006, na najua kwamba barakoa, glavu na yale mashimo maalumu ya kumwagia maji ya kuoshea pampu yaliletwa na mtu aliekaa na fomu akauliza. Kwahiyo mie fomu siichukii hata kidogo. Tena sasa USAID imefungwa tangu 2025 na pesa zimepungua, nasikia watu wakisema tuache urasimu tufanye haraka, na naogopa sana, mana sie Zanzibar tumeshapata mradi wa haraka, wale kunguru waliletwa kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka za mji, na leo wanakula mayai na vifaranga kila pembe ya kisiwa na hakuna aliefanikiwa kuwamaliza.

Tuna sheria yetu ya mazingira ya 2015 na tuna ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar. Ninachokitaka ni kidogo: tarehe ya kwenda kupima ipangwe kwa mwezi wa mbinguni na sio kwa ratiba ya gari, na anaeteka maji aulizwe kabla ya futi kamba haijatandazwa, na majibu yake yaandikwe yote kama alivyoyasema.

Mwezi uliopita niliitwa tena, shehia nyengine, vyoo vya kituo cha afya. Nikawaambia siendi Jumanne, nakwenda Ijumaa, ndio bamvua. Walisitasita lakini wakakubali. Tulipofika kwenye pango maji kupwa tulihesabu ngazi kumi na moja kavu, tukakaa chini ya mwembe mpaka saa kumi, maji yalipojaa zilibaki ngazi sita. Safari hii konsaltanti alikuwa dada kijana, akazipiga picha zote mbili, akafuta tiki yake, na kwenye nafasi ya maoni nikaandika maneno ya wenyeji kwa Kiswahili chao, mistari kumi na tatu, na tafsiri yake kamili chini. Fomu imeshapelekwa. Jibu bado halijarudi.