Kipepeo cha Bibi Chafika Marugame

Bibi yangu wa Pangani haamini kuwa ipo nchi isiyo na joto. Siku naaga, alinitolea kipepeo kipya cha kupepea, cha ukindu, cha rangi mbili, akakisokomeza mwenyewe chini ya nguo kwenye begi. Nikamwambia, "Bibi, Japani ni baridi, huko theluji inafika magotini." Akanijibu, "Kichukue tu, mume wangu. Hata penye theluji watu wanawasha moto."

Nilitua Kojima mwezi wa Julai, kwa mafunzo ya kutengeneza cherehani za kiwandani. Kojima ndiko wanakoshona suruali za jinzi zinazosifiwa dunia nzima. Ile theluji niliyomtishia bibi sikuiona hata kwenye picha. Niliyoyakuta ni majoto ya Tanga ya mwezi wa pili, yale ya unyevu, shati linaganda mgongoni hata chai ya saa nne hujanywa. Kipepeo kikatolewa begini usiku wa kwanza.

Kijana mmoja wa kwao, tuliyekuwa tukifundishwa naye meza moja, alikiona chumbani kwangu akakigeuzageuza. "Uchiwa," akasema. Nikamwambia sisi tunakiita kipepeo, na kwamba neno hilohilo ndilo jina la yule mdudu mwenye mabawa ya rangi. Alicheka, kisha akaona ina maana kabisa. Akanifafanulia: wao wanazo aina mbili. Ya kukunja, ile unayoifungua kwa mkono mmoja, inaitwa sensu, na ni ubunifu wa Wajapani wenyewe. Uchiwa haikunjiki, ni bapa, ina mpini, na asili yake ni China zama za kale. Takriban asilimia 90 ya uchiwa zinazotengenezwa Japani nzima hutoka mji mmoja unaoitwa Marugame. "Ni hapo tu," akasema, akionyesha dirishani, upande wa bahari. "Ukivuka daraja."

Nilikuwa nimeshapewa uchiwa nyingine tatu bila kuomba. Stesheni za huku, kiangazi kikiingia, vijana husimama mlangoni wakigawa vipepeo vya plastiki vyenye matangazo ya simu na maduka. Unajipepea nacho wiki moja, mpini unalegea, unatupa. Nilidhani ndizo hizo. Rafiki yangu akasema Jumamosi twende ukaone zenyewe.

Treni kutoka Kojima inaingia darajani kabla hujakaa vizuri. Daraja hili la Seto lilifunguliwa mwaka 1988. Magari yanapita juu, treni inapita chini yake, kwa hiyo bahari unaitazama katikati ya vyuma, inakatikakatika kama picha za mkanda. Chini kuna visiwa vidogovidogo vya kijani na mashua za wavuvi. Daraja limerukaruka kutoka kisiwa hadi kisiwa kwa zaidi ya kilomita 9 za maji. Ng'ambo ni kisiwa cha Shikoku, mkoa wa Kagawa, ambao jina lake la kale ni Sanuki. Tukabadili treni Sakaide, na baada ya muda mfupi tukashuka Marugame.

Ni mji mtulivu, wa kandokando ya bahari, na juu yake kuna ngome kwenye kilima, kuta zake za mawe zimepandana tabaka kwa tabaka. Ngome niliitazama kwa mbali. Nilikuwa na haraka ya kufika bandarini, kwenye jumba la makumbusho ya uchiwa. Kuingia tu, kabla ya macho kuzoea kivuli, nikasikia harufu ya mwanzi mbichi uliopasuliwa, na mlio: tak, tak, tak.

Mlio ulitoka kwa mafundi waliokaa sakafuni juu ya mito, kila mmoja na kazi yake. Tulikaribishwa kwa mama mmoja mtu mzima, miwani puani, vidole vimekakamaa kama vya msuka mikeka. Rafiki yangu akawa mkalimani. Nami nilikaa miguu nimekunja mpaka ikafa ganzi, nikimtazama.

Nilidhani mbavu za kipepeo hutengenezwa kijiti kimoja kimoja, halafu zinafungwa kwenye mpini. Kyoto hufanya karibu hivyo: mpini wao huchomekwa baadaye. Marugame mpini na mbavu zote ni mwanzi uleule mmoja, haujaungwa popote. Mama yule alichukua ubapa wa mwanzi, upana wa vidole viwili, wenye kifundo kimoja. Chini ya kifundo ndipo patakapokuwa mpini. Juu yake, akaanza kuuchanja kwa kisu kutoka ncha, chanjo nyembambanyembamba zilizolingana, mpaka nikahesabu zaidi ya 30 nikapoteza hesabu. Chanjo hizo ziliingia kama urefu wa kidole tu. Kisha akaweka kisu chini, akashika ule mwanzi kwa mikono miwili akaanza kuusokota, kulia, kushoto, kama mtu anayekamua nguo. Ukalia ufa, ufa, ufa. Nyufa zikajiendea zenyewe kuteremka chini, na zilipofika kwenye kifundo zikasimama zote pamoja.

Nikaomba arudie. Akachukua mwingine akarudia, akicheka. Siri ni ya mwanzi wenyewe: nyuzi zake zimenyooka kutoka kifundo hadi kifundo, lakini kwenye kifundo zinapishana na kujifunga, ndiyo maana ufa haupiti. Fundi haweki kizuizi. Anajua tu kizuizi kiko wapi tangu mwanzo, na anaukata mwanzi akikihesabia. Mimi ninayefundwa cherehani, ambako kila kitu lazima kizuiwe kwa skrubu, nilikaa pale nikajiona mshamba.

Baada ya hapo anatoboa tundu kwenye kifundo, anapitisha kijiti kilichochongwa, kinakuwa upinde. Mbavu zinafumwa kwa uzi, moja juu moja chini, kisha uzi unavutwa na kufungwa ncha hii ya upinde na ile. Hapo ndipo kazi inapopambanua fundi na mwanafunzi. Mbavu lazima zikae sawasawa kulia na kushoto, na uzi ukikazwa kupita kiasi upande mmoja, kipepeo kinapinda shingo. Mama alikiinua juu usawa wa macho, akakitazama kwa ubavu, akausukuma uzi kwa ukucha, akakitazama tena. Akasema jambo, rafiki yangu akatafsiri: "Karatasi haifichi kitu."

Wanasema hatua zote ni 47, toka mwanzi kukatwa hadi kipepeo kukamilika. Mwanzi wenyewe hukatwa kuanzia majira ya mapukutiko hadi baridi, unapokuwa hauna maji mengi na wadudu hawaupendi. Karatasi na gundi nazo zina kwao. Shikoku maana yake ni nchi nne, na wimbo wa zamani unazitaja zote: mwanzi wa Iyo, karatasi ya Tosa, gundi ya Awa, na kipepeo cha Sanuki, kinachoburudisha kupita kiasi. Kwa Kijapani lile neno la "kupita kiasi" linakaribiana sana na jina Shikoku, kwa hiyo wimbo unafunga kwa mzaha. Rafiki yangu alihangaika kunitafsiria mzaha ule dakika kumi. Mzaha ukitafsiriwa unakufa, lakini nilicheka kwa adabu.

Basi nikapewa zamu. Mgeni hapewi kisu. Anapewa fremu iliyokwisha kufumwa, abandike karatasi tu. Hatua rahisi, nikajiambia. Nikapaka gundi kwa brashi, nikaweka karatasi, nikageuza, nikapaka tena. Gundi ilikuwa nyingi mno huku na haba kule, na mbavu zikahama. Zilizokuwa zimetawanyika kama miale ya jua zikakusanyika upande mmoja kama abiria wa daladala lenye mlango mmoja. Mama akanitazama, hakusema kitu, akazirudisha kwa ncha za vidole kabla gundi haijashika. Kikikauka, huwekwa kisu cha chuma kilichopinda juu yake na kugongwa kwa nyundo, tak, karatasi na ncha za mbavu zinakatika kwa pamoja katika umbo lake. Ndio ule mlio niliousikia mlangoni. Ukingo huvishwa utepe mwembamba wa karatasi, halafu kinapitishwa kwenye kinu cha kubana mpaka mistari ya mbavu inajitokeza juu ya karatasi, unaipapasa na kuihesabu.

Changu kilipinda shingo kidogo. Kinapepea vizuri tu.

Wakati tunangoja gundi ikauke ndipo nilipokitoa kipepeo cha bibi. Nilikuwa nimekibeba bila mpango maalumu, labda kama mtu anayekwenda ugenini asiende mikono mitupu. Mama yule alifuta mikono kwanza. Akakipokea kwa mikono miwili, akakinusa, akafuata ukili kwa ukucha kutoka katikati hadi ukingoni, akatafuta mahali ulipoanzia na ulipoishia. Aliwaita wenzake wawili. Walibishana juu ya mshono, na sikuelewa neno hata moja, ila nilielewa kwamba wanabishana kifundi. Mwishowe akaniuliza swali, na rafiki yangu akalileta: "Hiki kina hatua ngapi?"

Nikasema, "Chache." Nilipolisema tu nikajua nimesema uongo. Nimekulia kwenye nyumba ile. Vipepeo vilikuwa vikining'inia jikoni kwa bei ya chenji, kikiungua ukingo unanunua kingine, na mimi sikuwahi kukaa chini nikatazama kinavyoanza.

Mchana tulikula udon, tambi nene za ngano ambazo Sanuki inajivunia nazo kama sisi na pilau. Kisha tukapanda treni hadi Kotohira, kwa sababu rafiki yangu alishikilia kwamba habari ya vipepeo hivi haijakamilika bila Konpira. Hapo ni hekalu la Shinto kwenye mlima, na mungu wake ni mlinzi wa mabaharia. Zamani mahujaji kutoka kila pembe ya Japani walishuka kwa jahazi bandari ya Marugame, wakatembea hadi hapa, na wakirudi kwao walibeba kipepeo chekundu chenye duara na herufi moja katikati, inayosomwa "kin", dhahabu, herufi ya kwanza ya jina la Konpira. Inaelezwa kwamba kipepeo hicho kilianza mwaka 1633, kwa shauri la kiongozi wa hekalu mwenyewe. Baadaye, mwishoni mwa karne ya 18, watawala wa Marugame wakawahimiza samurai wao wa vyeo vya chini kutengeneza vipepeo nyumbani ili waongeze kipato. Husemwa kwamba ufundi waliuokota kwa majirani: katika mji wa Edo, ndiyo Tokyo ya leo, makazi yao yalipakana na ya watu wa utawala mwingine, wa Nakatsu, ambao tayari walikuwa wakitengeneza. Mashujaa wa upanga, mshahara hautoshi, wamekaa sakafuni wanachonga mianzi. Habari hiyo ilinipendeza kuliko ngome.

Ngazi za kufika hekalu kuu ni 785. Nilizipanda nikijipepea kwa zamu, kwanza kipepeo changu cha shingo upande, halafu cha bibi. Cha karatasi ni chepesi, upepo wake ni mpana na laini, mkono hausikii uzito. Cha ukindu ni kizito kidogo, upepo wake unakuja kwa kishindo, wa kuwashia mkaa hasa. Huku nako uchiwa zina kazi ya jikoni: wanapooka mkunga juu ya makaa, na wanapopoza wali wa sushi, hushika kipepeo. Juu kabisa, tambarare ya Sanuki ilikuwa imetandazwa chini yetu na mlima mmoja kama kichuguu katikati, na jasho lilikuwa limetuloanisha wote wawili.

Nikampigia bibi palepale, kwenye benchi. Kwetu ilikuwa saa sita mchana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekula?"

Nikamwambia nimekula, kisha nikamuuliza: kipepeo, toka mwanzo hadi mwisho, kina hatua ngapi? Akauliza kama nimeumwa. Nikamweleza habari ya mwanzi na zile 47. Akanyamaza kidogo; nikasikia kuku na redio ya jirani.

"Sisi hatujahesabu," akasema. "Haya, ngoja. Kwenda mtoni kukata kindu. Hiyo moja. Au kwenda ni moja na kukata ni nyingine?"

"Kwao zote zinahesabiwa, bibi."

"Basi mbili. Kuchambua. Kuanika. Kuchana chane, hiyo ya tano. Kuchemsha na rangi, kuanika tena, kivulini lakini, juani rangi inakufa. Kulowesha kidogo ili isivunjike. Kuanza ukili..." Akasita. "Kuanza ukili si kusuka ukili. Zaituni! Zaituni, hebu njoo hapa, huyu ananihesabisha. Kuanza nako si tunahesabu?"