Bidoni ya kunywa na bidoni ya wageni

Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, walizoea kuandikwa. Aliyekimbilia mji wa Sake aliandikwa huko, akarudi akaandikwa tena. Kwa hiyo mwaka uliofuata, tulipoingia mtaa wa Kyeshero na majaketi yetu na maswali kwenye simu, hakuna aliyeona tathmini. Waliona liste, yaani orodha ya watakaopewa msaada.

Tulikuja kutathmini mradi wa kutia dawa maji ya ziwa. Pale watu wanapochota, alikaa kijana mwenye ndoo ya klorini na sirinji. Ukimletea bidoni, yaani dumu, ya lita 20 anavuta kipimo chake, anakitia, unaondoka. Kipindupindu tunakijua sana hapa, hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Kazi yetu ilikuwa kuona kama nyumbani maji bado yana klorini, angalau miligramu 0.2 kwa lita. Unaangusha kidonge kwenye kichupa: yakigeuka pinki, dawa ipo.

Shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa barabara ile na nyumba zake, alitutembeza mwenyewe, na nyumba alizichagua yeye. Njiani alinivuta pembeni.

"Mwanangu, andika watu mingi. Wakisikia tuko kidogo, watapeleka msaada Himbi."

Sikumwona mwongo. Alikuwa anaipigania avenyu yake. Vijana wa sirinji nao mikataba yao ilikaribia kwisha. Ukiwauliza ni wangapi wanaokataa dawa, jibu ni hakuna. Mkuu wa mradi alitupigia simu jioni kuuliza, kwa upole mwingi, kama "mambo yanaelekea vizuri". Na sisi tulikuwa na letu: atakayeipendeza ofisi ndiye atakayeitwa kwenye tathmini ijayo.

Nyumba ninayoikumbuka ilikuwa ya mbao, juu ya mawe ya lava. Mama mwenye nyumba alijibu ndiyo kwa kila swali. Mnatia dawa? Ndiyo. Watoto wanakunywa? Ndiyo. Akaleta kikombe, nikaangusha kidonge, maji yakawa pinki safi kabisa. Shefu akatabasamu.

Hapo mtoto mdogo akatupita na kikombe chake cha plastiki, akafunua pazia, akajichotea kwenye bidoni ya njano iliyokuwa nyuma. Nikaomba kupima na ile. Mama akamtazama shefu, shefu akatazama barabara. Kidonge kikayeyuka, maji hayakubadilika rangi hata kidogo.

Mama akacheka. "Ile njo ya kunywa, papa. Hii ya dawa ni ya kufulia, na ya wageni."

Harufu ilikuwa inawashinda watoto, tena mumewe alisikia kwamba dawa ile inakata uzazi. Basi kwa nini aliniambia ndiyo?

"Nikisema hapana, mutamufukuza ule kijana wa sirinji. Ni mutoto wa dada yangu."

Baada ya hapo tulimwomba shefu atusubirie barabarani, na tukaomba maji wanayokunywa watoto, si maji ya kuonyeshwa. Pinki ilipungua sana.

Kwenye mkutano wa matokeo, mkuu wa mradi alitaka bidoni zote za nyumba zihesabiwe pamoja. Mwakilishi wa mfadhili akauliza kama vidonge vyetu havikuwa vimepitwa na wakati. Shefu akataka kujua liste itatoka lini. Kiongozi wa timu yetu, mama mmoja wa Bukavu asiyependa maneno mengi, aliwakumbusha kwamba Carol Weiss, mtaalamu wa tathmini wa Marekani, aliandika tangu 1973 kuwa mradi ni mtoto wa siasa na tathmini yake haiwezi kuikwepa siasa hiyo. Wakatikisa vichwa kwa heshima, kisha kila mmoja akarudia lake.

Ripoti ilisema dawa "imepokelewa kwa kiwango cha kuridhisha, ingawa kuna changamoto ya harufu". Bidoni za nyuma ya pazia ziliwekwa kwenye kiambatisho. Habari ya uzazi haikuingia kabisa; nilipouliza, nikajibiwa kwamba mradi haukuwa na bajeti ya kuzungumza na waume.