Vyeti viwili vya miwani, macho yaleyale

Miwani ilinikatika mkono wiki ya pili tangu nirudi Kigoma, nikaenda kupima upya maana cheti cha Tabora nilishajua kimepotea, afu nimelipa na kila kitu ndo nakikuta kwenye begi nililokuja nalo na treni. Naviweka vyote mezani, moyo paa! Jicho la kulia, Tabora: SPH -1.00, CYL -1.50, AXIS 180. Kigoma jicho hilohilo: SPH -2.50, CYL +1.50, AXIS 90. Nikasema hapa ama nimeshakuwa kipofu ama kuna mtu kanipima huku anachati.

Nikarudi nimenuna. Yule mzee anayepima hata hakukasirika, shikamoo yangu ya kununa akaiitikia vizuri tu, akasema kaa mwanangu, akachora yai. Jicho lenye astigimatizimu halijaviringa kama mpira, limejipinda upande mmoja kuliko mwingine, ndo maana usiku nikisimama Kibirizi bila miwani kila taa ya wavuvi wa dagaa kule ziwani inajivuta juu na chini kama mshumaa. SPH ni nguvu ya lenzi pande zote, CYL, yaani silinda, ni ile ya kuongezea upande mmoja tu, na AXIS inasema silinda ilale vipi, we vuta picha ya kile kipimapembe cha kwenye mkebe wa shule, 180 imelala, 90 imesimama. Kwa hiyo AXIS 180 haimaanishi jicho limeoza jamani, mi nilikuwa naiogopa hiyo namba kuliko zote!

Sasa vile vyeti. Kuna wanaoandika CYL kwa minus na wanaoandika kwa plus. Akanipa kalamu nijumlishe mwenyewe: -1.00 na -1.50 ni -2.50, hiyo SPH mpya, CYL geuza alama, AXIS zungusha 90. Ikatoka ileile ya Kigoma, nikabaki natabasamu kijinga.

Ila akanionya, fundi akichukua SPH ya huku na CYL ya kule umeumia, na AXIS ikipinda nyuzi 10 tu karibu theluthi ya kazi ya silinda imepotea, hata kama namba zingine ziko sawa. Kwa fundi nimepeleka cheti kimoja tu, cha Kigoma, kile cha Tabora nimekirudisha begini na zipu nimefunga.