Mwanangu alichukuliwa na huduma ya jamii: nilivyompata tena hapa Lubumbashi

Wengi walinishauri vibaya mwanangu alipochukuliwa, na ushauri mbaya kuliko wote ulikuwa huu: nenda kwa mkubwa wa ofisi, umlilie, naye atamtoa mtoto siku hiyo hiyo. Mwingine alitaka nimpe dola kadhaa ili "faili itembee". Sikumpa, na ninawaomba wazazi wenzangu wasimpe mtu wa namna hiyo hata franga moja.

Mimi ninafanya kazi Kolwezi, na mtoto, aliyekuwa na miaka 11, alikuwa akiishi kwa mama yangu Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi. Mama aliugua, jirani akatoa taarifa, na mtumishi wa huduma ya jamii akamkuta mtoto peke yake uani, akamchukua na kumpeleka katika kituo cha watoto. Ripoti yake ilisema kwamba mtoto ametupwa na baba yake. Hakuna aliyenipigia simu, ijapokuwa namba yangu ilikuwa imeandikwa kwa mkaa ukutani, juu ya kitanda cha mama, kwa tarakimu kubwa ambazo hata mtu anayepita mlangoni angeziona.

Niliandika malalamiko marefu, nikayapeleka ofisini. Jibu lilikuwa fupi: "Papa, faili imekwisha kufika kwa hakimu wa watoto, naye ametia sahihi. Sisi hatuwezi kuifuta." Jibu hilo liliniuma, lakini lilikuwa la kweli. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ndiyo iliyoanzisha mahakama za watoto nchini mwetu Kongo, na amri ya hakimu hubadilishwa na hakimu mwenyewe au na chumba cha rufani chenye mahakimu watatu. Mkubwa wa ofisi anaweza kuchunguza jinsi mtumishi wake alivyofanya kazi, basi. Hakimu naye hatamwadhibu mtumishi huyo kwa niaba yako, hata ukieleza uchungu wako kutwa nzima.

Kwa hiyo niliyagawa maneno yangu katika barua mbili. Ile ya ofisi ilitaja mwenendo tu: kwamba mama yangu hakuulizwa lolote, kwamba mimi sikutafutwa, na kwamba sikuambiwa mtoto yuko wapi. Ile ya mahakama, ambayo mwanasheria wa ofisi ya ushauri wa bure ya mawakili alinisaidia kuiandika, haikumlaumu mtu. Iliomba mtoto arudi, na ikaonyesha atakula nini, atalala wapi na nani atamtunza, ikiwa mama ataugua tena. Kila barua niliipigisha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu kabla ya kuondoka dirishani.

Kilichotuokoa ni daftari. Mama hajui kusoma, na kila nilipotuma pesa kwa simu, mjukuu wake ndiye aliyeandika tarehe, kiasi na matumizi yake: unga, makaa, ada ya shule, dawa ya nkambo, yaani bibi yake. Nililikuta chini ya gunia la unga, jalada lake likiwa jeupe kwa vumbi. Kesi za watoto husikilizwa faraghani, kwa hiyo tulikuwa wachache chumbani. Hakimu aliliweka daftari hilo kando ya daftari la shule, akalinganisha miandiko ukurasa kwa ukurasa, kisha akamuuliza mtoto ni nani aliyeandika. Mtoto alijibu kwa sauti iliyosikika vizuri: "Ni mimi. Papa anatuma, mimi naandika." Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia mwanangu siku ile. Shefu wa kartie, yaani kiongozi wa mtaa, naye alikuwa ametupa hati ya kuthibitisha kwamba familia inajulikana, na dada yangu alijitolea kulala kwa mama.

Hakimu aliamuru mtoto arudi Katuba, huku huduma ya jamii ikiendelea kututembelea. Sikuipinga sehemu hiyo. Mtoto aliyekutwa peke yake na mgonjwa anastahili kutazamwa.

Ofisi nayo ilinijibu baadaye kwa maandishi, ikikiri kwamba mtumishi alipaswa kumtafuta baba kabla ya kuandika ripoti. Hata hivyo, ripoti inayosema nilimtupa mwanangu bado imo katika faili yao. Nimewaandikia tena, nikiomba maelezo yangu na nakala ya uamuzi wa hakimu viambatishwe nayo, na ninaendelea kudai jibu.